Wifi Hakai

Wanasema kinyozi hajinyoi, na mimi nimekubali. Lakini mlishamwona wapi fundi wa makochi asiyekaa? Wifi yangu ndiye huyo, dada wa mume wangu, tumbo moja. Ametengeneza viti vya sebuleni, vya saluni, vya ofisi za wakubwa, viti ambavyo mgeni akiketi anasahau kuaga, na yeye mwenyewe humkuti amekaa hata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anakula amesimama. Anachagua mchele amesimama, ungo kauegemeza kiunoni. Msibani wenzake wamejipanga mkekani, yeye yuko mlangoni anapokea maji, anapanga viatu, anatafuta cha kufanya. Mtaani wakamwita Kiguu na Njia, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba ya mama mkwe, chumba kirefu chenye vumbi la sponji linaloingia mpaka kwenye chai. Wifi anashika fremu, springi na nyundo. Mimi niko kwenye cherehani, nashona vifuniko. Kochi likikwisha ananiita, "Wifi, njoo ukae." Naacha cherehani, nakaa, nanyanyuka, nakaa tena.

"Unalionaje?"

"Zuri."

"Huku kushoto halizami?"

"Halizami. Niache nikashone."

Basi, kochi limepita, mwenye nalo aitwe. Makalio yangu ndiyo yaliyokuwa mizani ya ile karakana, na shukrani sikupewa hata siku moja.

Nilipoolewa pale nilidhani ni maringo. Nikasema moyoni, huyu anaona viti vyetu vitamchafua. Kumbe ni kinyume chake. Siku moja naokota pini nyuma ya fremu mbovu, nakuta kamba imefungwa huko gizani, na juu ya kamba shuka kuukuu, na chini ya shuka vitambaa vyeusi vimeanikwa vimebanana. Nikavigusa. Vina unyevu wa juzi na harufu ya stoo. Na ndani ya kila kitambaa kipande cha sponji, ile ile tunayojazia makochi, kimekatwa vizuri kwa kisu cha kazi.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikamwita pale pale.

"Wifi, hii ni nini? Unajiwamba kama kiti?"

Akanipokonya, akatazama mlangoni. "Punguza sauti. Pedi hazinitoshi. Naweka mbili, narundika, adhuhuri haijafika zimelowa. Ningefanyaje?"

"Kwanza ungeanika juani! Kitambaa cha kazi hiyo kinataka sabuni, maji mengi na jua kali. Si kukificha humu kiote ukungu. Ndiyo maana unajikuna huko, ukidhani sikuoni."

"Juani? Watu wapite waone?"

"Waone nini, kwani wao walizaliwa na nani?"

Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha ngozi bandia, ile nyeusi ya viti vya saluni, kimekunjwa mara nne. Hicho, akasema, ndicho anachotandika akilazimika kukaa, kwenye basi au kwa watu wasiokubali kukataliwa. Ukikaa bila hicho unaacha alama, na alama haifutiki. Siku moja, msichana bado, aliacha alama kwenye kiti cha kitambaa nyumbani kwa watu waliotaka kumposa. Hakueleza zaidi, nami sikumchimba. Niliona aibu kwa ajili yake, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Maana shida si alama. Shida ni kwamba mwanamke anavuja hivyo wiki nzima na zaidi, anapumzika siku chache, anaanza tena, na nyumba nzima inampigia makofi. Ndiyo, makofi! Mama mkwe alikuwa na wimbo wake: "Wanawake wa nyumba hii tuna damu nyingi." Anausema akiwa ameinua kidevu, kama mtu anayesema tuna mashamba. Yeye alikuwa hivyo, mama yake alikuwa hivyo, dada yake mkubwa alizidi wote. Mimi, ambaye yangu inakuja kwa adabu na kuondoka kwa adabu, nilikuwa wa kuhurumiwa. Nilipochelewa kushika mimba nilimsikia mwenyewe jikoni: "Maskini, mke wa mwanangu hana damu." Nimezaa wawili sasa, na lile neno bado liko hapa kooni.

Na Wifi alikuwa anakwisha. Mimi ndiye niliyeshinda naye, nikaona. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyeshinda kwenye povu la kufulia. Akipanda ngazi za mteja anasimama katikati, anajifanya anapima mlango kama kochi litapita. Jioni miguu haimtulii, inamwasha kwa ndani, anasema, kama ina wadudu, anazunguka ua mpaka mbwa wa jirani anachoka kumbwekea. Halafu chaki. Chaki yangu ya kuchorea vitambaa ilikuwa inapotea. Nikanunua nyingine, ikapotea. Nikawasema watoto, nikamsema mume wangu ambaye hajui hata chaki inakaa wapi. Kumbe Wifi anaitafuna! Nilimfumania nyuma ya kabati, mdomo mweupe kama mtoto aliyeiba unga.

"Inanituliza," akasema.

"Twende hospitali."

"Ugonjwa gani unaokuja na kuondoka kwa kalenda? Huu ndio mwili wetu. Nina damu nyingi, basi."

"Aliyenayo nyingi hatafuni chaki!"

"Wewe unaijulia wapi damu nyingi?"

Mnaona? Hata yeye. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, na nikarudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa mto kinyumenyume kwa hasira.

Ningeendelea kugombana na kunyamaza, kunyamaza na kugombana, kama si Chiriku. Chiriku ni binti yake Wifi, tumemwita hivyo kwa maneno yake yasiyokwisha. Mwaka ule alivunja ungo, na ikaja kama ya mama yake, kwa ndoo. Bibi yake alifurahi, jamani! "Huyu ni wa kwetu kabisa!" Mimi nilimfundisha yale ya kufundisha: kubadilisha mapema bila kungoja ijae, kunawa mikono kabla na baada, vitambaa juani, maumivu yakizidi aseme. Alinisikiliza vizuri tu. Lakini haikupita muda mrefu, jioni moja nimepakua chakula, namwona Chiriku anakichukua kisahani chake, anakwenda kuegemea mlango. Anakula amesimama. Upande wa pili wa mlango, mama yake, naye amesimama. Na Chiriku hasemi neno.

Nikaweka sahani chini. Nikainuka, nikamfuata Wifi uani.

"Umemwona mwanao?"

"Nimemwona."

"Utamwachia na kipande chako cha ngozi bandia akurithi?"

Alizunguka kisima mara kadhaa, mikono nyuma, kisha akaniambia kwamba amepata wazo lake, na nisimcheke.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Tangu asubuhi kipaza sauti kilikuwa kinapita mtaani: kesho hema la kuchangia damu litakuwa uwanjani, njooni muokoe maisha. Wifi akafikiri: mtungi ukijaa sana ndio unaomwagika. Mimi nimejaa. Nikapunguze kidogo, itulie. Ikitulia kwangu, Chiriku naye akifika umri tutampeleka. Na kuna mgonjwa mahali atafaidika, kuliko kuimwaga bure kila mwezi. Alinieleza akitembea, na macho yalimng'aa kama mtu aliyegundua njia ya mkato.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikafikiri, ngoja. Hemani kuna wauguzi. Mwanamke huyu ambaye nimemvuta kwenda hospitali kwa meno anakwenda mwenyewe kwa wauguzi, kwa miguu yake. Nyamaza, mke wa watu. Nikasema, "Nitakusindikiza."

Kesho yake tukaenda. Wifi alivaa gauni jeusi na mkoba begani, na ndani ya mkoba kile kipande, maana alisikia wachangiaji wanalazwa kwenye vitanda vya kukunja. Njiani alitembea mbele yangu, mbio mbio, akisimama kila kona kujifanya ananingoja huku anatweta. Hemani palikuwa na foleni ya viti vya plastiki. Watu wanasogea kiti hadi kiti. Wifi akasogea kwa kusimama, kila kiti anakipita pembeni, mpaka muuguzi mmoja akauliza kama ana jipu.

Muuguzi wa mezani alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Akauliza maswali yake. "Uko kwenye siku zako, dada?"

"Zimekwisha," akasema Wifi, na mimi nikatazama juu ya hema, maana kwake huwa hazikwishi, zinapumzika tu.

Mbele ya muuguzi kulikuwa na gilasi ya maji ya bluu, bluu ya kalamu. Alimchoma kijana aliyetutangulia kidoleni, akadondosha tone kwenye gilasi. Tone likashuka mpaka chini. "Safi," akasema, "kitanda kile." Nikamuuliza hayo maji ya nini. Akasema, damu yenye nguvu ni nzito, inazama, na isiyo na nguvu inaelea. Ni kipimo cha haraka tu.

Wifi akanyoosha kidole kwa fahari. Kidole cha fundi, kigumu, muuguzi alichoma mara mbili. Tone likatoka, lina wekundu wa kuazima. Likadondoka kwenye maji ya bluu. Likabaki juu. Likazunguka pale juu, likatanga huku na huku, halikuzama.

"Nipe kidole kingine, dada."

Kidole kingine, tone jingine. Likaelea lile nalo.

"Maji yenu mabovu," akasema Wifi.

"Basi tumpime huyu mwenzako, tuone kama ni maji," muuguzi akasema.

Nikatoa mkono kabla sijaombwa vizuri. Ee Mungu, nilichomwa, sikusikia hata maumivu. Tone langu, la mimi nisiye na damu, la mimi maskini wa jikoni, likaingia kwenye yale maji na kushuka moja kwa moja kama msumari. Wifi akalitazama. Nami nikalitazama. Miaka yote nilikuwa nangoja siku ya kumjibu mama mkwe, na siku yenyewe ndiyo ile, na sikuwa na hamu nayo hata kidogo.

Muuguzi akamshika Wifi kiganja, akakigeuza, akamvuta kope ya chini, sauti ikabadilika. "Dada, wewe si wa kutoa damu. Wewe ni wa kuongezwa. Kwenye siku zako damu inatoka nyingi?"

"Tunayo nyingi. Nyumba nzima."

"Kutoka nyingi si kuwa nayo nyingi," muuguzi akasema. "Inayotoka ndiyo hii isiyokuwamo mwilini mwako. Nenda hospitali leo. Si kesho."

Wifi akachomoa mkono wake, akatoka. Nilimkimbilia. Alikuwa anakata barabara kama anafukuzwa, anasema peke yake. "Wamekataa damu yangu! Imekataliwa, kama noti bandia! Nitawaambia nini nyumbani?" Nikamwambia polepole. Akaongeza mwendo. Nikamwambia simama. Hasimami, anakata kona ya duka la vyuma, anapita mafundi wa baiskeli, anapita mama wa mkaa, mimi nyuma viatu mkononi.

Kisha akakaa.

Pale pale kando ya barabara, kwenye ukingo wa saruji. Magoti yalikunjika yenyewe. Na mimi niliyemwomba akae miaka yote, nilipomwona ameketi ndipo nilipoogopa. Damu yangu yote nzito ikaenda miguuni. Mdomo wake ulikuwa na rangi ya majivu. Na mjue alikuwa anafanya nini: mkono uko ndani ya mkoba, unatafuta kipande cha ngozi bandia, ajisogeze akitandike chini yake, asije akachafua ukingo wa barabara, ukingo ambao mbwa wanaukojolea!

Nikakishika kile kipande nikakitupa mtaroni.

"Wifi!" akasema, kwa sauti ndogo.

"Kaa! Kaa hivyo hivyo! Uchafue mji mzima, watafua!"

Nilikuwa nalia, najijua. Mama wa mkaa alikuja akampa maji, akaita mtu wa pikipiki ya magurudumu matatu, tukampakia.

Hospitali hawakuzungusha maneno. Walimlaza, wakamtundikia chupa ya damu ya mtu mwingine, halafu nyingine. Daktari, binti mdogo tu, akampitisha kwenye mashine ya picha, akaonyesha kwa kalamu: kwenye kizazi kuna uvimbe, tena zaidi ya mmoja, ndio unaosababisha kumwagika kule. Si saratani. Unatibika. Kwanza arudishiwe nguvu, dawa za kupunguza hedhi na vidonge vya kuongeza damu, kisha wautoe. Na ile hamu ya chaki na miguu isiyotulia, akasema, ni mwili unaodai madini ya chuma. Wifi alinigeukia. "Basi sikuwa Kiguu na Njia," akasema, "nilikuwa mgonjwa." Nikamwambia ulikuwa vyote viwili, lala.

Mama mkwe alikuja jioni na Chiriku, amejifunga kitambaa cha kichwa vizuri, tayari kugombana na hospitali. Daktari akamweleza yote, taratibu, kama nilivyowaeleza nyinyi. Akauliza kama kuna wengine kwenye ukoo wenye hali hii. Nilingoja ule wimbo. Mama mkwe akashika reli ya kitanda.

"Dada yangu mkubwa," akasema. "Alikuwa anatokwa kuliko sisi sote. Tulimsifu. Alipofariki tulisema kachoka na kazi." Kisha akauliza, na hakumwuliza daktari, aliniuliza mimi: "Kwa hiyo na mimi nilikuwa naumwa miaka yote ile? Nilikuwa naumwa na nikawa nacheka?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kumpiga nayo, nimeyanoa tangu siku ya jikoni. Sikuyaona yalikokwenda. Nikamwambia, "Mama, njoo ukae." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, na Chiriku akasimama nyuma yake, akitazama damu ikidondoka tone tone kutoka ile chupa. Daktari akamwita Chiriku naye, akampima. Wakasema kwake hakuna uvimbe. Wasichana wengi huanza hivyo, lakini kuanza hivyo si sababu ya kuachwa hivyo. Akapewa vidonge vyake, na dawa, na tarehe ya kurudi.

Wifi alifanyiwa upasuaji baadaye, kazi ikalala, wateja wakanung'unika, mimi nikawanung'unikia wao. Sasa amerudi kwenye nyundo. Viganja vina rangi. Chaki yangu iko pale nilipoiweka. Damu aliyoongezwa anaapa ni yangu, eti tangu siku ile amekuwa mkali na hana subira. Namwambia angekuwa na damu yangu angejua kushona.

Juzi tulimaliza kochi la mwalimu mmoja, kitambaa cha rangi ya maziwa, rangi ambayo zamani Wifi alikuwa akiikataa hata kwa wateja wenye adabu. Nikangoja kuitwa. Sikuitwa. Nikainua kichwa kutoka kwenye cherehani, nikamwona amesimama mbele ya lile kochi, anajifuta mikono kwenye aproni, anafuta tena. Akageuka, akashuka polepole kama mtu anayeingia maji baridi. Akakaa.

Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto. Uso ukamkunjamana.

"Wifi!"

"Abee?"

"Springi inanichoma makalioni! Na huku kushoto linazama! Miaka yote hii ulikuwa unaniambia zuri, zuri?"

"Mimi nilikuwa na haraka ya kushona!"

"Mungu wangu, wateja wangu!" Na alicheka, alicheka mpaka akashika tumbo penye mshono, nami nikacheka, na sponji ikapeperuka chumba kizima.

Tukiwa katika hali hiyo Chiriku akarudi kutoka shule. Nilijua yuko kwenye siku zake, mimi ndiye ninayemfulia sketi. Akatupa begi, akaanza kusimulia kabla hajasalimu, mwalimu wa hesabu, na rafiki yake, na kengele iliyoharibika, maneno kama mvua. Na huku anasimulia akajibwaga kwenye lile kochi la maziwa, kando ya mama yake, miguu juu.

Wifi akafungua mdomo. Nilimwona. Mkono ukaanza kwenda kwenye mkoba ambao hauna tena kile kipande ndani. Chiriku hakujitazama nyuma. Hakuinuka kukagua kiti. Alikuwa anasimulia habari za kengele.

Wifi akaurudisha mkono mapajani. "Ehe," akamwambia mwanawe, "halafu mwalimu akasemaje?"